Zana gani zinafaa kupogolea mikorosho ya zamani na kusafisha shamba na uwanja?

Mjukuu wa Kitangari

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ukoo wetu umenikabidhi shamba la mikorosho lililoko Kitangari, wilayani Newala, ambalo kwa muda mrefu halikuwa na mtu wa kulisimamia kwa karibu. Miti mingi ni ya zamani na ilipandwa kwa kubanana, kwa hiyo matawi ya mti mmoja yameingia ndani ya mti wa pili hata jua halifiki chini. Baadhi ya matawi yameinama hadi kugusa ardhi, na mwokotaji wa korosho hulazimika kupiga magoti ili kuzifikia. Ndani ya mwavuli wa kila mti kuna matawi makavu yanayoning'inia, na kuna maotea membamba yaliyosimama wima juu ya matawi makubwa. Mimi mwenyewe ninaishi Mtwara mjini, si mbali na bahari, ambako nina uwanja wenye miembe, minazi michache, mlimao na uzio wa michongoma.

Zana nilizo nazo ni mapanga, jembe na shoka la kuchanjia kuni. Mavuno yamekwisha na ningependa kupogolea kabla miti haijaanza kutoa majani mapya na maua. Katika duka moja la vifaa nilionyeshwa seti ya zana za bustani ndani ya sanduku la plastiki, yenye mkasi mdogo wa matawi, mkasi wa uzio, kisu cha kukunja, koleo dogo la mkononi, reki ndogo na glavu. Bei yake inavutia, lakini nilipoufungua na kuufunga ule mkasi nilihisi visu vyake vinachezacheza. Majirani wa shamba, kwa upande wao, wananiambia kwamba panga lililonolewa vizuri linatosha kwa kila kitu, kwa kuwa ndivyo walivyofanya wazee wetu.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, ninunue seti hiyo, au ninunue zana moja moja? Kama fedha haitoshi kununua zote kwa pamoja, nianze na ipi? Nitashukuru iwapo anayejibu atanieleza na sababu, ili niweze kuchagua hata nikikuta dukani kitu tofauti na alichokitaja.

Afisa Ugani Mstaafu

Ndugu Mjukuu, seti hiyo iache dukani. Vitu vingi vilivyomo ni vya kutunzia maua ya vyunguni, na hakuna hata kimoja kitakachokata vizuri tawi la mkorosho lililozidi unene wa kidole gumba. Kwa shamba la namna uliyoieleza, zana ya kwanza ni msumeno wa kupogolea. Ningekuwa na fedha ya kununua zana moja tu, ningenunua huo na kuacha mengine yote yasubiri msimu ujao.

Sababu iko kwenye mti wenyewe. Ubao wa mkorosho ni laini, na matawi yake hutanda kwa upande zaidi ya kwenda juu, kwa hiyo tawi kubwa huwa limebeba uzito mwingi mbali na shina. Ukilikata kwa panga au shoka kutoka juu, litavunjika kabla hujalimaliza, na linapoanguka huchana gome la shina kuelekea chini. Kidonda cha namna hiyo hutoa gundi kwa muda mrefu, huchelewa kufunikwa na gome jipya, na hubaki mlango wazi wa wadudu na kuvu. Tatizo la pili la panga ni kwamba haliwezi kukata mahali palepale unapopataka: ama litaacha kisiki kirefu ambacho kitakauka na kuoza, ama litajeruhi shina.

Kwa msumeno, tawi nene hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza huanzia chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, na huingia hadi robo au theluthi ya unene wake. Wa pili hukatwa kutoka juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza kuelekea nchani. Tawi litavunjika kwa uzito wake, lakini mpasuko utaishia kwenye mkato wa chini na hautafika kwenye shina. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki. Hapo utazame vizuri tako la tawi: utaona uvimbe wenye mikunjo pale linapoungana na shina, na mkato unatakiwa upite nje kidogo ya uvimbe huo, bila kuuparua na bila kuacha kisiki. Gome jipya litakalofunika kidonda hutokea hapo. Mtaalamu wa miti wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti ili kuona kinachotokea ndani yake baada ya kukatwa, alionyesha kwamba mti hauponyi sehemu iliyojeruhiwa, bali huizungushia kinga ili uozo usisambae. Ukikata ndani ya uvimbe huo unaibomoa kinga kabla haijajengwa. Utafiti wake ulionyesha pia kwamba kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakuzuii uozo, kwa hiyo fedha ya rangi iongeze kwenye msumeno.

Sasa namna ya kuuchagua. Tafuta wenye ubapa uliopinda kidogo, urefu wa sentimita 30 hadi 35, na meno makubwa yaliyoachana. Msumeno wa seremala una meno madogo, na kwenye mti mbichi unga wenye utomvu huyajaza mara moja, ukabaki unasugua badala ya kukata. Hakikisha meno yameelekezwa kwenye mpini, yaani unakata unapouvuta na si unapousukuma. Ukiwa umesimama kwenye ngazi na mkono mmoja umeshika tawi, kuvuta ni salama na kunahitaji nguvu kidogo kuliko kusukuma, na ubapa haupindi. Kwa matawi yaliyozidi unene wa sentimita 10 utahitaji msumeno wa upinde, ule wenye fremu ya bomba la chuma, ambao hukata haraka sana. Lakini fremu yake haipiti kwenye panda zilizobanana, na ndiyo maana hauwezi kuwa wa kwanza.

Zana ya pili ni mkasi wa mkono wa kupogolea, kwa ajili ya maotea. Msiudharau. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu unaofanana na unga mweupe, hushambulia machipukizi laini na maua, na yale maotea yaliyojificha kivulini ndani ya mwavuli huhifadhi ugonjwa kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Mkulima anayeyaondoa kabla ya maua kutoka ataipa salfa yake, yaani dawa ya kupulizia dhidi ya ubwiriunga, kazi ndogo zaidi. Mikasi hii iko ya aina mbili. Kuna ule ambao kisu kimoja hupita kando ya kingine, kama mkasi wa fundi cherehani, na kuna ule ambao kisu hushuka juu ya bamba bapa. Chukua wa kwanza, kwa sababu wa pili huponda tawi bichi na unafaa zaidi kwa vijiti vikavu. Mkasi wa mkono usikate kitu kilichozidi sentimita 2. Kati ya sentimita 2 na 4 inatumika mikasi ya mipini mirefu, lakini hiyo si ya lazima kwako mwanzoni, kwa kuwa msumeno unafanya kazi hiyohiyo kwa kuchelewa kidogo tu.

Kuhusu visu vinavyochezacheza, hisia yako ilikuwa sahihi. Ukiwa dukani, ufunge mkasi na uuelekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati ya visu viwili, huo hautakata. Kisha kata karatasi laini kuanzia kwenye kiungo hadi nchani. Mkasi mzuri hukata karatasi bila kuikunja mahali popote. Angalia pia kama kiungo kimefungwa kwa nati inayoweza kukazwa, maana kiungo kilichogongwa kwa ribiti kikilegea ndiyo mwisho wake.

Kwa shamba la zamani kama hilo, fika au piga simu Kituo cha Utafiti cha Naliendele ukaulize kuhusu kupunguza miti iliyobanana na kubebesha vikonyo, yaani kuunganisha vichipukizi vya mikorosho ya aina bora juu ya visiki vya miti ya zamani. Nafasi inayoshauriwa kwa mikorosho ni mita 12 kwa 12, na kwa jinsi ulivyoeleza, sehemu ya tatizo lako haitatatuliwa kwa kupogolea peke yake.

Mhunzi wa Masasi

Nakubaliana na mzee hapo juu kwa mengi, ila niongeze jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Misumeno mingi inayoletwa siku hizi ina meno yaliyokomazwa kwa moto wa umeme. Utaitambua kwa kuangalia ncha za meno: zina rangi ya bluu au nyeusi, tofauti na ubapa uliobaki. Meno hayo hukaa na ukali muda mrefu sana, lakini yakishaisha hayanoleki. Tupa itateleza juu yake na kuharibika. Kwa mtu wa Dar es Salaam si tatizo, atanunua ubapa mwingine. Kwa mtu aliye Kitangari, ulizia kwanza kama duka lile lile linauza ubapa wa akiba. Kama hauko, nunua msumeno wenye meno meupe ya rangi moja na ubapa, pamoja na tupa ndogo ya pembetatu, nao utakutumikia kwa miaka mingi.

Panga nalo lisinyimwe haki yake. Panga si zana ya kupogolea mti, hilo ni kweli, lakini tawi likishaanguka chini hakuna kinacholichambua kwa kasi kama panga. Tatizo la mapanga ya dukani ni kwamba mtu huchagua kwa kuangalia rangi ya mpini. Ligonge panga kwa ukucha au kwa kipande cha chuma usikilize. Lililo zuri hulia kwa sauti inayodumu. Liweke kwenye ukingo wa meza ulikunje taratibu, kisha uliachie. Likirudi na kunyooka lina uhai, likibaki limepinda lirudishe kwa mwenyewe. Halafu angalia kama chuma kimeingia hadi mwisho wa mpini na ribiti zimekaza. Panga ambalo chuma chake kimeishia nusu ya mpini litachomoka siku moja, na hakuna ajuaye litaangukia wapi. Sisi mafundi tunatengeneza mapanga na mashoka kutokana na springi za magari, na ukimpata fundi anayejua kupoza chuma chake kwa kiasi, zana yake italizidi la dukani.

Kuhusu kunoa: usimpe mtu zana yako akainoe kwa mashine ya umeme kama huna hakika na mkono wake. Makali yakipata moto hadi kubadilika rangi na kuwa ya bluu, chuma kimelainika hapo, na kila ukinoa yatachakaa upesi. Tupa bapa na jiwe la kunolea vinatosha. Mkasi wa kupogolea hunolewa upande mmoja tu, ule ulioinama. Ukigusa upande bapa unatengeneza mwanya kati ya visu, na hapo ndipo unapoanza kutafuna matawi badala ya kuyakata.

Mama wa Tandahimba

Mwanangu Mjukuu, wanaume wameongea habari ya juu ya mti, acha mimi niongee habari ya chini, maana huko ndiko korosho inakookotwa. Korosho haichumwi mtini. Inasubiriwa idondoke yenyewe, kwa hiyo chini ya mwavuli pakiwa na majani na vijiti, utapoteza korosho nyingi na utapoteza nyingine kwa unyevu. Kazi ya kufyeka na kufagilia kabla ya mavuno inahitaji zana zake, na zana hizo si sawa na za kupogolea.

Kwa majani marefu yaliyo katikati ya miti, tumia fyekeo. Chagua lenye mpini unaolingana na urefu wako, ili ukisimama wima ubapa uguse majani bila wewe kuinamisha mgongo. Nimeona vijana wanalipwa kufyeka eka nzima wakiwa na mafyekeo mafupi, jioni hawawezi kunyooka, na kesho yake hawarudi. Karibu na shina usitumie fyekeo kabisa, bali ng'oa kwa mkono au palilia kwa jembe dogo juu juu, kwa sababu mikorosho ina mizizi inayotembea karibu na uso wa ardhi, na shina la mti mchanga likipigwa na fyekeo gome lake huzungukwa na kidonda. Miti michanga mingi inayonyauka bila sababu ukiikagua chini utakuta alama ya chuma.

Reki inunuliwe ya chuma, yenye meno bapa yanayonyumbuka, ile ya kukusanyia majani. Reki nzito ya meno mafupi manene ni ya kusawazishia matuta. Kwenye udongo wetu wa kichanga inachimba badala ya kufagia, na unaishia kukusanya mchanga. Fagio la chelewa lenye mpini mrefu linamalizia vizuri. Matawi makavu yenye dalili za bungua wa shina, yaani yale yenye vitundu na unga wa kahawia uliochanganyika na gundi, yaondoe shambani na kuyachoma mahali salama, usiyarundike chini ya mti kwa ajili ya kuni za baadaye. Na unapochoma, uwe umekwisha kufyeka njia ya kuzuia moto, kwa kuwa upepo wa kiangazi hauombi ruhusa.

Lingine ambalo wageni wa mikorosho hawaambiwi ni maji moto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota wanauma vikali, na mtu aliye juu ya ngazi akiwa na msumeno mkononi hutamani kukata kila tawi lenye kiota. Usifanye hivyo. Maji moto huwinda wale mbu wa mikorosho wanaofyonza machipukizi na korosho changa, kwa hiyo tawi lenye kiota kama ni zima na halisumbui, liache. Mimi hujipaka majivu mikononi hadi kwenye viwiko, navaa shati la mikono mirefu na kuchomeka suruali ndani ya soksi, kisha nakata matawi mengine asubuhi mapema, wakati ambapo hawajachangamka. Glavu zako za kwenye seti hazitakusaidia sana, kwa sababu hao hupanda hadi shingoni. Zinazofaa ni za ngozi zenye shingo ndefu, na manufaa yake makubwa ni kwenye michongoma.

Mkazi wa Mikindani

Kwa upande wa uwanja wako wa mjini, adui wa kwanza wa zana ni hewa ya bahari. Chuma kilichoachwa nje usiku mmoja tu kwenye ukumbi unaotazama maji huanza kuota kutu, na utomvu wa mkorosho na mwembe ukiganda juu yake huificha kutu hiyo mpaka uchelewe. Mimi nafuta zana zangu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kila ninapomaliza kazi, kwa kuwa mafuta ya taa huyeyusha utomvu vizuri kuliko sabuni, kisha nazikausha na kuzipaka mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya nazi yanafaa pia yakiwa ndiyo yaliyopo. Zana usizitunze chumba kimoja na mifuko ya mbolea ya chumvichumvi au salfa, kwa sababu vitu hivyo vikikutana na unyevu hula chuma. Nimemkuta jirani ameweka mkasi mzuri juu ya mfuko wa mbolea, na springi yake ilikuwa imekatika yenyewe.

Sambamba na hilo, kuna suala la kusafisha zana ili zisibebe magonjwa. Mtu anayetoka kwenye mti unaougua na kuingia kwenye mti mzima bila kusafisha msumeno anaweza kuusafirisha ugonjwa mwenyewe, na siku hizi wakulima wanahadharishwa juu ya mnyauko unaoletwa na kuvu wa Fusarium anayeishi udongoni, ambaye husafiri hata kwa udongo ulioganda kwenye jembe na viatu. Toa udongo wote kwanza, kisha futa makali kwa spiriti. Dawa ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, inafanya kazi hiyo pia, ila huleta kutu, kwa hiyo suuza na kupaka mafuta mara moja. Miti unayoitilia shaka iache iwe ya mwisho kwa siku hiyo.

Mkasi wa uzio ununue peke yake, wenye visu virefu na mipini miwili, na usiutumie kamwe kwa matawi ya miembe. Ubapa wake ni mwembamba, umekusudiwa kukata vichipukizi vya uzio vyenye unene wa penseli. Ukiulazimisha kukata tawi, visu vinaachana na havirudi kukaa sawa. Michongoma iliyokomaa sana ikatie kwanza kwa mkasi wa matawi, kisha usawazishe kwa mkasi wa uzio.

Minazi usiisumbue. Makuti makavu yanayoning'inia ndiyo ya kuondoa, na makuti mabichi yaachwe yote, kwa kuwa mnazi unaopunguziwa makuti mabichi hupunguza nazi. Kama huna mkwezi unayemwamini, usijaribu mwenyewe kwa ngazi. Kwa miembe mirefu unaweza kufunga ubapa wa msumeno uliopinda kwenye mti mrefu wa mwanzi ukakata ukiwa chini. Ule mpindo husaidia, maana unaning'inia wenyewe juu ya tawi na uzito wa mwanzi unausaidia kushuka. Simama pembeni, si chini ya tawi. Kama kuna waya wa umeme unaopita karibu na matawi, weka mwanzi chini uwaite TANESCO, kwa sababu mwanzi mbichi hupitisha umeme.

Mjukuu wa Kitangari

Nawashukuru wote, na mama yangu wa Tandahimba, shikamoo. Nimekwenda dukani na kuacha seti ile. Nimepata msumeno wa kuvuta wenye meno meupe pamoja na tupa yake, na mkasi wa mkono wenye nati ya kukaza, ambao umekata karatasi hadi nchani bila kuikunja. Mkasi wa uzio na fyekeo nitanunua mwezi ujao.

Nina swali moja lililobaki. Shamba ni kubwa kuliko nguvu zangu, na vibarua wa pale kijijini wanakuja na mapanga na mashoka yao na wanataka kulipwa kwa mti. Nimewaeleza habari ya msumeno, wakaniambia kwamba msumeno unachelewesha. Nifanyeje ili kazi ifanyike ipasavyo bila kugombana na watu?

Afisa Ugani Mstaafu

Wanasema kweli kwamba unachelewesha, kwa wao wanaolipwa kwa mti. Malipo ya kwa mti yanamlazimisha mtu yeyote mwenye akili achukue panga. Kazi ya kufyeka walipe kwa eneo, kama ilivyo desturi, lakini kazi ya kupogolea walipe kwa siku, na msumeno uwe wako. Hawatakataa, hasa ukiwapa msumeno unaokata, kwa sababu mtu aliyezoea panga akikutana na msumeno mzuri wa kuvuta huacha mwenyewe kubishana.

Usiwaache waamue tawi la kukatwa. Pita wewe kwanza na ndoo ya chokaa na brashi, uweke alama nyeupe kwenye kila tawi linalotakiwa kuondoka, mahali penyewe pa kukatia, yaani nje kidogo ya ule uvimbe. Anza na yaliyokufa, kisha yaliyovunjika na yenye bungua, kisha yanayosuguana, kisha yaliyo chini ya mita moja kutoka ardhini. Ukimaliza hayo, rudi nyuma uutazame mti kabla ya kuongeza alama nyingine, kwa kuwa mara nyingi jua litakuwa limekwisha kufika chini na hakuna haja ya kuendelea. Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi ya nje, kwa hiyo anayekata nje ili mti upendeze anakata korosho za msimu unaokuja. Mti uliobanana sana usiumalize mwaka mmoja. Matawi makubwa yagawe katika misimu miwili au mitatu, maana ukiufungua ghafla utajibu kwa kutoa maotea mengi kuliko uliyoyaondoa, na gome lililozoea kivuli litaungua na jua.

Wape vibarua wawili wafanye kazi pamoja kwa kila mti, mmoja na msumeno na mwingine wa kushika tawi na kamba, halafu wabadilishane. Panga wabaki nalo chini, kwa ajili ya kuchambua yaliyoanguka.